Kinga mpya kwenye njia ya Kalima: faida yake na makosa yangu

Mwanachama mmoja wa koperative ya wakulima wa mpunga, upande wa Alunguli ng'ambo ya Kindu, alinunua kinga mpya kwa mkopo mwezi wa pili. Tulimwomba aeleze wenzake namna inavyofanya kazi kisha miezi mitano ya barabara. Haya ni maneno yake.



Kwetu mpunga tunavuna mwezi wa kwanza na wa pili. Wakati ule wanunuzi wanafika kijijini na pikipiki. Wanajua kwamba tuko na madeni, wanajua kwamba watoto wa sekondari wanadaiwa minervali, basi bei wanaipanga wao. Mwaka huu walitoa franka 900 kwa kilo ya mchele. Siku zile zile, kwenye soko la Kindu, kilo ilikuwa franka 1600. Toka kwetu mpaka mtoni ni kilomita karibu 40. Nilisema moyoni: hizi franka 700 zinapotea juu ya kukosa magurudumu mawili.

Nilikuwa na franka 132.000 za akiba. Koperative ilinikopesha 300.000, za kulipa kwa mavuno mawili. Kinga yenyewe ilinigharimu 360.000, na matengenezo ya kwanza 72.000. Ndiyo kusema pesa yote iliishia pale. Kama kinga ingekufa njiani, deni lingebaki hai.

Sokoni ni vyuma tu

Kinga hii ni ya aina ile tunayoijua wote: ya chuma kizito, magurudumu makubwa ya inchi 28, mwendo mmoja tu, na freni za vyuma virefu, siyo za kamba. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na mimi nilitaka kuipanda palepale. Lakini nilikuwa nimeongozana na muzee mmoja, fundi wa kinga tangu zamani. Aliiinua, akazungusha gurudumu la nyuma, akasikiliza. Akaniambia: «Kijana, hii haiko kinga bado. Hii ni vyuma tu. Ngoja nikutengenezee kinga.»

Alifungua magurudumu yote mawili katikati, pale kunapokaa bili, vile vidude vya duara vya chuma. Grisi ilikuwa kidogo sana, upande mmoja kukavu kabisa. Akajaza. Halafu akakaza rayo moja moja. Mbele ziko 32, nyuma 40. Kile kibebeo cha mizigo kilichokuja na kinga alikitupa pembeni, akanichomelea kingine kwa vyuma vya kujengea nyumba. Mbele akaongeza vyuma viwili vya kusaidia uma unaoshika gurudumu. Mwisho akanionya: «Kisha juma moja urudi. Rayo mpya zinalegea.»

Kusema kweli niliona anataka kunila pesa. Leo namshukuru kwa yote aliyofanya. Kosa langu ni kwamba kisha juma moja sikurudi.

Safari ya nne

Ninyi mnaosukuma mizigo mnajua: kinga yenye mzigo mkubwa haipandwi. Unafunga fimbo ndefu kwenye usukani kwa mkono wa kushoto, unasimamisha nyingine nyuma ya kiti, unasukuma kwa miguu yako. Safari tatu za kwanza nilisukuma kilo 100 za mpunga. Kinga ilinyamaza kabisa, haikulia hata kidogo. Nikajiona mwanaume.

Kwa safari ya nne nikapakia gunia tatu za kilo 50. Mbili zilikuwa zangu. Ya tatu ilikuwa ya mama jirani, mjane, aliyeniomba nimuuzie Kindu ili alipe masomo ya binti yake. Toka asubuhi nilisikia kitu kinalia «tik, tik» nyuma. Nikasema ni upya wake.

Kwenye daraja la magogo, gurudumu la nyuma liliingia katikati ya magogo mawili. Rayo sita zikakatika pamoja, gurudumu likajikunja kama jani la muhogo juani. Kinga ikaanguka upande, na gunia la juu likaingia majini. Lilikuwa gunia la mama jirani.

Tulilitoa, mimi na vijana wawili waliopita, lakini mpunga ulikuwa umelowa wote. Mvua ilinyesha siku tatu, hakukuwa na jua la kuanika. Ulianza kunuka na kuota. Nilirudi kijijini kwa miguu, nikaenda moja kwa moja kwa yule mama, kwa sababu habari ya aibu ukiichelewesha inafika mbele yako. Hakunigombeza. Aliuliza tu: «Ndugu yangu, sasa mutoto atalipa na nini?»

Nilimlipa gunia zima toka kwa mpunga tuliouweka kwa kula nyumbani. Mwezi wa tatu na wa nne tulikula muhogo zaidi kuliko wali, na watoto walijua sababu.

Swali la mama watoto

Jioni ile bibi yangu hakusema kitu juu ya kinga. Kesho yake, akiwa anapepeta, aliniuliza: «Papa, juu ya nini unasukuma makapi mpaka Kindu? Kule nani ananunua makapi?»

Nilitaka kujibu, nikakosa jibu. Mpunga wa kilo 100 ukikobolewa vizuri unatoa mchele wa kilo karibu 65. Zile nyingine 35 ni makapi na pumba. Mimi nilikuwa nakunja mgongo kwenye milima kwa ajili ya kitu ambacho mashine ya Kindu inatupa nje. Tena pumba ni chakula cha kuku na nguruwe, na mimi nilikuwa naiacha kwa mtu mwingine.

Toka siku ile tunakoboa kwanza, kwenye mashine ya kikundi iliyo kilomita sita nyuma yetu. Naondoka na mchele kilo 80, siyo zaidi. Thamani ya mzigo imepanda, uzito umeshuka, na rayo hazijakatika tena.

Hesabu ya safari moja

Nawapa hesabu yangu kama ilivyo, mzigo wa kilo 80. Tofauti ya bei kati ya kijijini na Kindu ni franka 700 kwa kilo, jumla 56.000. Natoa mtumbwi wa kuvuka Lualaba, mimi na kinga, kwenda na kurudi: 4000. Kula na kulala: 6000. Kodi ya soko na bariere: 5000. Ninaweka 5000 kwenye kikopo cha kinga, kwa mipira, rayo na fundi. Hizo sizigusi hata mtoto akilia. Matumizi yote ni 20.000. Inabaki 36.000.

Kwa hiyo kinga na matengenezo yake ya kwanza, 432.000, zinarudi kisha safari 12 zilizoenda vizuri. Siyo kisha safari tatu kama nilivyojidanganya. Na kila safari inanila siku tatu: moja ya kusukuma, moja ya kuvuka na kuuza, moja ya kurudi. Kwa hiyo wakati wa kulima siendi. Shamba lisilopaliliwa haliponywi na kinga.

Mpaka leo nimelipa 180.000 za mkopo. Inabaki 120.000. Wakati wa kurudi, kinga ikiwa haina mzigo mkubwa, ninaipanda, ninaleta chumvi na sabuni kwa majirani. Hapo ndipo inanipendeza kabisa: njia niliyoisukuma siku nzima, kurudi ni saa nne.

Yanayonipendeza, yasiyonipendeza

Mwili wake wa chuma ni wenye nguvu. Ulianguka na gunia tatu, haukupinda. Vifaa vyake vinapatikana kila soko, na kila fundi anaijua. Hata bibi yangu sasa anaitumia kuleta muhogo toka shambani. Kwanza watu walicheka. Sasa wanakuja kuiazima.

Freni ndizo zinaniogopesha. Chuma kikilowa, freni zinateleza tu, hazishiki. Katika mvua, mbele ya mteremko, ninabana freni kidogo kidogo mapema ili zipanguse maji. Ikiwa na mzigo, sipandi kabisa kwenye mteremko. Nashuka, naishika kwa nyuma.

Mipira iliyokuja nayo ilikuwa myembamba. Wa nyuma ulipasuka mwezi wa tatu. Na mnyororo nilianza kuupaka mawese, kama wengi tunavyofanya. Msifanye hivyo. Mawese yanaganda, yanashika vumbi na mchanga, na mchanga unakula mnyororo. Mafuta ya injini kidogo, hata yaliyokwisha kutumika ukiyachuja kwa kitambaa, ni bora. Lakini yawe kwa mnyororo tu, yasiguse mahali freni inaposhika.

Kuhusu mama jirani, mwezi wa tano alinipa tena mzigo, mchele kilo 30. Nilimwambia atafute mwingine kama anaogopa. Akajibu: «Weka wangu chini, siyo juu.» Niliuweka chini. Binti yake alifanya mtihani pamoja na wenzake.

Kabla ya kuondoka, angalia haya

1. Kinga mpya ipite kwa fundi kwanza: grisi katika magurudumu, rayo, kibebeo cha mizigo. Rudi kwake kisha juma moja.
2. Gusa rayo zote kwa kidole. Iliyolegea inaonekana mara moja. Sauti mpya njiani ni sababu ya kusimama.
3. Koboa mpunga kabla ya kupakia, na ukaushe vizuri. Weka gunia ndani ya plastiki.
4. Mzigo mzito ukae chini na katikati, usawa pande zote mbili.
5. Beba pampu, kipande cha mpira wa zamani, gundi, ufunguo wa kukaza, na rayo nne.
6. Mzigo wa mtu mwingine, patana naye kabla: ukipotea, nani analipa?
7. Kila safari weka pesa ya kinga pembeni.

Mazungumzo katika kikundi

Katika kijiji chenu tofauti ya bei kati ya nyumbani na sokoni ni kiasi gani, ukitoa matumizi yote ya njia? Ni mazao gani mnayobeba pamoja na kitu kisichouzwa: makapi, maganda, maji? Na kama koperative ikikopesha pesa ya kinga, je, mkopo uhesabu pia kazi ya fundi? Jadilianeni, waandishi wa vikundi waandike majibu, na walete kwenye mkutano wa koperative.