Usitupe Maganda, Tengeneza Mboji Nyumbani

Mkaazi wa Mombasa akimaliza kumenya muhogo, ndizi na viazi, maganda huingia mfuko mmoja na chupa za plastiki, kisha mfuko husubiri gari la kwenda Mwakirunge. Gari likichelewa siku mbili, majirani wote wanajua. Zaidi ya nusu ya taka za mijini nchini ni vitu vinavyooza, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka vitengwe na taka nyingine. Ukishavitenga, tayari una malighafi ya mbolea.

Chukua ndoo kuukuu ya lita 20 yenye kifuniko. Itoboe matundu chini na ubavuni, iweke juu ya matofali mawili, na beseni chini yake la kukinga maji yatakayochuruzika. Iwe kivulini, pasiponyeshewa. Hata roshani ya ghorofa yatosha. Tandaza majani makavu unene wa vidole vinne, kisha kila siku tia maganda ya mboga na matunda, yaliyokatwa vipande vidogo, pamoja na majani ya chai.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa kila kopo moja la maganda, funika kwa makopo mawili ya vitu vikavu: majani, vipande vya boksi au vumbi la mbao isiyotiwa dawa. Maganda peke yake yamejaa maji; yakikosa hewa huchacha, hunuka na kuita nzi, na mwenye ndoo huamua kwamba mboji ni uchafu tu. Harufu ikitokea, ongeza vikavu na ugeuze. Finya konzi moja: ikitiririka maji, imelowa mno, ikipukutika, nyunyizia maji kidogo. Geuza kila wiki.

Nyama, samaki, mifupa na mabaki yenye mafuta yasiingie kamwe, kwani huleta panya.

Majivu nayo yanasifiwa sana, na katika maeneo ya bara yenye udongo wa asidi yanafaa. Lakini sehemu kubwa ya ukanda wetu imekaa juu ya matumbawe, na udongo wake tayari una chokaa. Ukizidisha majivu, mchicha unaweza kugeuka manjano.

Kwa joto letu, ndoo iliyojaa huhitaji takriban miezi miwili hadi mitatu. Usiwe na pupa: mboji mbichi hunyonya nitrojeni ya udongo na kudumaza miche. Ili kupima, tia konzi kwenye mtungi wenye kifuniko kwa siku tatu. Ukifungua ukakuta harufu ya udongo wa mvua, imeiva; ikinuka uozo, irudishe.

Kwa bustani ya gunia, changanya sehemu moja ya mboji na mbili za udongo. Kwa mboga zilizokwisha kuota, tandaza konzi mbili kuzunguka shina kila mwezi, bila kuligusa. Maji ya beseni yamwagie miti au maua, si mboga za kuliwa mbichi.

Usishangae miche ya nyanya ikichipuka usikoipanda. Ndoo ndogo haipati joto la kuua mbegu, na wapo wanaoing'oa na kuipanda. Kwa maswali zaidi, muone afisa wa kilimo wa wadi yako.