Paka wa manyoya marefu: faida ipo kwenye chanuo

TUNDUMA: Katika mji huu wa mpakani, mkoani Songwe, paka ni mlinzi wa mahindi ghalani. Lakini paka wa manyoya marefu ana gharama ya ziada: yasipochanwa kila siku, manyoya husokotana, yakavuta ngozi na kumtia vidonda.

Anayetaka kuifanya kazi hii biashara aanze na chanuo la chuma, brashi na mashine ya kunyolea. Mkasi ni hatari, kwani ngozi ya paka ni nyembamba.

Hatari kubwa zaidi ni dawa ya kupe. Ya ng'ombe au mbwa yenye pemethrini huweza kumuua paka, kwa kuwa ini lake halimudu kuivunja sumu hiyo. Mhudumu asiyesoma lebo atapoteza paka na mteja kwa siku moja.