Mazingira Mawili ya Eneokazi katika Kompyuta Moja: Matumizi ya Linux Segese

Makala haya yanafafanua namna kompyuta moja yenye Linux inavyoweza kubeba mazingira zaidi ya moja ya eneokazi, kwa kuzingatia mahitaji ya Segese, mkoani Shinyanga. Mazingira ya eneokazi ni madirisha, menyu na paneli anazoziona mtumiaji. Si mfumo endeshi wenyewe. Hivyo, kompyuta kuukuu inayolemewa na GNOME si lazima itupwe. Katika Ubuntu, amri ya sudo apt install xfce4 husakinisha Xfce, mradi ulioanza mwaka 1996, ambayo hutumia kumbukumbu ndogo zaidi. Kisha mtumiaji hutoka, huchagua jina lake kwenye skrini ya kuingilia, hubofya alama ya gurudumu la meno, huteua Xfce, ndipo huandika nywila. Faili zake hubaki zilivyo. Mwenzake anayependelea GNOME huendelea nayo kwenye kompyuta ileile. Kwa wanaotegemea bando la simu, tahadhari ni moja: mazingira ya kwanza yasiondolewe kabla ya ya pili kujaribiwa, kwani kuyarejesha hudai kupakua upya. Yamkini kinachoichosha kompyuta si umri wake, bali mzigo iliotwishwa.