Matumizi ya dizeli katika gari-nyumba

Matumizi ya dizeli katika gari-nyumba ni kiasi cha mafuta ambacho gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake hutumia kwa umbali fulani. Ulaya hupimwa kwa lita kwa kilomita 100, Marekani kwa maili kwa galoni.

Gari-nyumba ni zito, tena ni pana na refu kwenda juu, hivyo husukuma hewa nyingi. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 90 hadi 110 kwa saa huongezeka kwa karibu nusu. Katika safari ya kilomita 200, anayekwenda kwa kasi ndogo kati ya hizo huchelewa dakika 24 hivi tu.

Kufunga breki mara kwa mara pia hupoteza mafuta, kwa sababu breki hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Dereva anayetazama mbali huachia pedeli ya mafuta mapema. Gari likiwa kwenye gia, injini nyingi za kisasa husimamisha dizeli wakati huo. Matairi yenye upepo pungufu, mizigo isiyohitajika na kuacha injini ikiunguruma gari limesimama huongeza matumizi.