Hojaji za Afya ya Akili Shuleni: Mtafiti Chipukizi na Wajibu wa Idara za Lugha

1. Utangulizi

Wanafunzi wa shahada za juu katika elimu na saikolojia hutoka vyuo vikuu vya Kenya kwenda shuleni kupima huzuni, wasiwasi na mfadhaiko miongoni mwa vijana. Aghalabu chombo wanachokwenda nacho kilitungwa kwa Kiingereza, mbali na shule hizo. Mathalani, ipo hojaji ya maswali 25 iliyotungwa na Robert Goodman wa Uingereza na kutangazwa mwaka 1997. Ipo pia ile ya maswali 9 ijulikanayo kama PHQ-9, iliyotolewa Marekani mwaka 2001, ambayo humwuliza mtu hali yake katika majuma mawili yaliyopita na kumpa alama kati ya 0 na 27. Zote mbili zimetiwa katika Kiswahili. Mtafiti chipukizi huipokea tafsiri iliyopo, au huifanya mwenyewe, kisha hujenga tasnifu nzima juu yake. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hapo ndipo anapohitaji msaada mkubwa zaidi, na kwamba sehemu kubwa ya msaada huo imo mikononi mwa wataalamu wa lugha.

2. Kasoro ya tafsiri rejeshi

Njia ambayo mtafiti huyu hufundishwa ni ile iliyoelezwa na Richard Brislin mwaka 1970. Mfasiri wa kwanza huitia hojaji katika Kiswahili. Wa pili, ambaye hakuiona matini asilia, huirudisha katika Kiingereza. Kisha matini mbili za Kiingereza hulinganishwa. Hapana shaka njia hii hufichua makosa mengi. Hata hivyo, kinacholinganishwa ni Kiingereza na Kiingereza. Mwanafunzi wa Kilifi au Kakamega, ambaye ndiye atakayejibu, hayumo katika mizani hiyo.

Chukua sentensi ya kumwuliza kijana kama ana wasiwasi mwingi. Mfasiri akiandika "Nina mawazo mengi", kijana ataelewa mara moja, kwa kuwa mtu mwenye mawazo katika mazungumzo ya kila siku ni mtu anayesumbuka moyoni. Lakini mfasiri wa pili, akifuata kamusi, aweza kuirudisha kwa maana ya kuwa na fikra nyingi, nayo itakataliwa. Mfasiri akiandika "Nina hofu sana", itarudi salama na kukubaliwa, ingawa hofu kwa kawaida ina kitu kinachohofiwa: mtihani, mwalimu, au njia ya usiku. Hivyo tafsiri nzuri yaweza kutupwa na dhaifu ikapita.

3. Mambo yanayohitaji jicho la mwanaisimu

Kwanza, neno akili lenyewe. Katika Kiswahili akili ni werevu pia, na "huna akili" ni tusi linalojulikana darasani. Mwanafunzi aambiwapo kwamba anapimwa afya ya akili, aweza kudhani huo ni mtihani wa werevu, au kwamba ameteuliwa kwa kushukiwa wazimu. Katika hali zote mbili atajibu kwa kujikinga.

Pili, njeo na hali ya kitenzi. Kiambishi hu- huonyesha mazoea bila kuyafunga katika wakati wowote. Swali linalohusu siku 14 zilizopita likiandikwa "Mtu hukosa usingizi?", mwanafunzi atajibu kuhusu maisha yake yote. "Umekuwa ukikosa usingizi katika majuma mawili yaliyopita?" ni swali jingine kabisa.

Tatu, swali kanushi. Kwa mujibu wa Kiswahili, anayeulizwa "Hulali vizuri?" akajibu "Ndiyo", amekubali kwamba halali vizuri. Katika Kiingereza mtu huyo angejibu kwa kukana. Wanafunzi wa sekondari nchini Kenya husoma karibu masomo yote kwa Kiingereza. Wengine watajibu kwa kanuni ya lugha moja na wengine kwa kanuni ya nyingine. Jibu moja litahesabiwa kwa maana mbili zilizo kinyume.

Nne, istilahi. Neno sonona limepata nafasi Tanzania. Kenya husikika zaidi mfadhaiko na msongo wa mawazo. Huzuni nayo huambatana na msiba. Kijana asiyefiwa aweza kusema hana huzuni, ilhali moyo wake ni mzito na hamu ya kila kitu imemtoka. Huyo ndiye atakayeachwa nje ya hesabu.

4. Mfano wa Harare

Kwamba jambo hili lina njia nyingine ya kuliendea, kulionekana Zimbabwe, ingawa huko waliochunguzwa hawakuwa wanafunzi. Katika miaka ya 1990, Vikram Patel, wakati huo tabibu kijana, pamoja na wenzake wa Harare, hawakuanza kwa kufasiri. Walikusanya kwanza maneno ambayo wagonjwa wenyewe waliyatumia kueleza taabu zao, kisha ikaundwa hojaji ya Kishona yenye maswali 14. Neno lililojitokeza sana ni kufungisisa. Kufunga katika Kishona ni kufikiri, na kiambishi tamati huzidisha tendo: kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2013 neno hilo liliingizwa katika mwongozo mkuu wa magonjwa ya akili wa Marekani. Mtafiti kijana aliweza kufika huko kwa sababu palikuwa na watu wa lugha hiyo wa kumwongoza.

5. Msaada unaofaa

Jambo la kwanza ni wakati. Kamati za maadili hutaka hojaji iwasilishwe kabla ya utafiti kuanza, basi mtaalamu wa Kiswahili aitwe wakati pendekezo linapoandikwa, wala si tasnifu inapokaribia kufungwa. La pili, wanafunzi wachache waketishwe, wasomewe kila swali na waulizwe wamelielewaje, kwa maneno yao wenyewe, Sheng ikiwamo. La tatu, idara ihifadhi kila hojaji iliyofasiriwa pamoja na sababu za kuchagua maneno yake, ili mtafiti wa mwaka ujao asianze upya. La nne, kazi hiyo ihesabiwe kuwa uchapishaji wa kitaaluma kwa wote walioifanya.

La tano lamhusu mtafiti mwenyewe. Swali la 9 la PHQ-9 linagusa fikra za kujidhuru. Kijana akijibu kwamba anazo, mtafiti mwenye umri wa miaka ishirini na kitu hubaki na siri nzito. Kwa miaka mingi jaribio la kujiua lilikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hata Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kabla ya kuingia darasani, mtafiti apewe jina la mtu wa kumpelekea kijana siku hiyo hiyo, na msimamizi wa kuzungumza naye jioni.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hojaji iliyofasiriwa kwa haraka humpotosha mtafiti na kumficha mtoto anayehitaji msaada. Idara za saikolojia zina elimu ya maradhi. Idara za Kiswahili zina elimu ya maneno ambayo maradhi hayo hutajwa kwayo. Usimamizi wa pamoja wa tasnifu za aina hii hauhitaji taasisi mpya. Wahitaji tu wahadhiri wa pande mbili wakubaliane kuisoma hojaji pamoja kabla haijafika shuleni.