Perege akioa mapema, hanenepi!

Wiki hii mapenzi tunayapumzisha. Au tuseme tunayatazama bwawani.

Mshikaji wangu wa Mbagala kachimba bwawa la perege. Mpango wenyewe bomba: unalipa kiingilio, unapewa ndoano, ulichovua kinapimwa kwenye mizani. Siku ya kufungua akaalika washikaji, majirani, mpaka baba mkwe mtarajiwa kutoka Bunju.

Mzee akatupa ndoano. Akavuta. Perege wa vidole vitatu! Akatupa tena, yale yale. Akauliza taratibu, "Mwanangu, huyu ndiye samaki au ndiye chambo?" Jamaa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Chakula kilikuwepo, pumba na dagaa. Kosa ni kuchanganya madume na majike. Perege huanza kuzaa akiwa bado mdogo. Jike huatamia mayai mdomoni, na mwenye mayai mdomoni atakula saa ngapi? Vitoto vinajaa, chakula kinagombaniwa, wote wanadumaa. Dume yeye hana ujauzito, anakula na kunenepa tu.

Dawa yake ni kuwatenganisha. Wakifika gramu 30 hivi, mshike mmoja mmoja, mgeuze tumbo juu. Dume ana matundu mawili, jike matatu. Madume yarudi bwawani, majike kikaangoni. Macho nayo hukosea, kwa hiyo tia kambale wachache wale vitoto vitakavyozaliwa. Ila kambale wawe wadogo kuliko perege, la sivyo watakula mtaji! Na usijaze bwawa: samaki 2 au 3 kwa mita moja ya mraba wanatosha.

Tena usidhani haya ni mambo ya kizungu tupu. Mwaka 1960 mtaalamu Hickling alieleza maajabu ya Malacca, huko Malaya: dume wa perege kutoka Zanzibar akipandishwa kwa jike wa Msumbiji, watoto wanatoka madume watupu. Na perege wa aina hiyo asili yake ni Mto Wami, hapo hapo njia ya Chalinze! Mali yetu, wenzetu wakaishtukia kwanza.

Mshikaji keshakausha bwawa, anaanza upya na madume. Posa? Imesimama kidogo. Mzee kasema atarudi baada ya miezi 8, na safari hii anakuja na mizani yake mwenyewe.

Kazi kwako, kaka!