Mafuriko huanzia mlimani: tupatane kabla ya mvua



Siku ya Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Mito ilishuka na mawe, matope na magogo mpaka katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya ziwa Kivu. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Maiti zaidi ya 400 ziliokotwa, na watu wengine wengi hawakuonekana tena. Miaka mitatu mapema, mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulikuwa umefurika na kubomoa nyumba nyingi mjini Uvira.

Wengi wetu husema: "Mvua ni ya Mungu, tutafanya nini?" Ni kweli, hakuna anayeweza kuifunga mvua. Tena wataalamu wanatuambia kwamba dunia ikizidi kupata joto, hewa hubeba maji mengi zaidi, na mvua kubwa huwa kali zaidi. Lakini mvua huwa maafa pale inapokuta kilima kimebaki uchi, nyumba zimejengwa kando ya mto, na watu hawana njia ya kupashana habari. Hayo matatu tunaweza kuyashughulikia.

Kwa nini jambo hili linahusu amani? Kwa sababu usalama wa mtu wa bondeni uko mikononi mwa mtu wa mlimani. Kama hao wawili hawasikilizani, hakuna mtaro utakaochimbwa.

1. Kulinda kilima bila kugombania shamba

Katika mikutano yetu vijijini, mkulima wa mlimani husema: "Mtaro unakula shamba langu, na faida inashuka kwa watu wa chini." Mkimbizi wa ndani aliyekodi shamba husema: "Nikipanda mti, mwenye shamba atafikiri nataka kumnyang'anya." Wote wawili wana haki. Kwetu, kupanda mti ni kama kusema shamba ni langu.

Kwa hiyo tuanze na mapatano. Mwenye shamba, mlimaji na chefu wa kijiji waandike kwenye karatasi, mbele ya mashahidi: nani atapanda nini, na ni mali ya nani. Mlimaji asiye na shamba lake anaweza kupanda matete au majani ya vetiva, ambayo mizizi yake huenda chini sana na kushika udongo. Matete yakikatwa ni chakula cha mbuzi na ng'ombe. Udongo unaojaa ndani ya mtaro ni mzuri, urudishwe shambani. Na watu wa bondeni wapande na majembe yao wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, wasaidie kuchimba. Hapo mtu wa juu ataona kwamba hakuachiwa mzigo peke yake.

2. Kupima mtaro

Mtaro ukiteremka, utageuka kuwa mto mpya. Lazima ufuate usawa wa kilima. Tengenezeni kipimo kwa miti mitatu: miwili mirefu ya mita 2 iliyofungwa pamoja juu, na mmoja mfupi unaoiunganisha katikati, kama herufi A. Fungeni kamba yenye jiwe pale juu, jiwe lining'inie chini ya mti mfupi. Simamisheni kipimo juu ya vigingi viwili, wekeni alama pale kamba inapogusa mti mfupi. Kisha geuzeni miguu yake juu ya vigingi vilevile, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembeeni nacho shambani: kila kamba inapopita katikati, pigeni kigingi pale miguu iliposimama.

3. Kupashana habari

Watu wa mlimani ndio wanaoona hatari kwanza. Chagueni watu wawili au watatu huko juu na wengine huko chini, wapatane juu ya ishara moja: firimbi, ngoma au kengele ya kanisa, pamoja na simu. Ishara isitumiwe kwa jambo lingine. Angalieni haya:
- mto unabadilika ghafula kuwa matope na kubeba magogo;
- maji yanapungua ghafula huku mvua ikiendelea, maana udongo umeziba mto huko juu na unaweza kupasuka;
- ardhi inapasuka, au miti inaanza kuinama.

Tembeeni njia ya kukimbilia mahali pa juu wakati wa mchana na watoto, wazee na wagonjwa, ili ijulikane hata usiku.

4. Wageni nao wajulishwe

Jamaa zilizokimbia vita mara nyingi huonyeshwa kiwanja ambacho hakuna mwingine anayekitaka. Katika nchi iliyojaa watu, kiwanja kilichobaki wazi kando ya mto kina sababu yake. Ndugu viongozi, mwulizeni mzee wa mahali maji yalipita wapi zamani, kabla hamjagawa viwanja. Nanyi wakimbizi wa ndani, ulizeni bila haya. Katika komite ya kijiji wawemo wageni na wenyeji, wanaume na wanawake. Mgeni asiyejua maana ya firimbi atabaki amelala.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika kijiji chetu, maji hutoka kwa nani na kwenda kwa nani? Je, watu hao wamewahi kukaa pamoja?
- Ni jamaa gani zinazolala mahali pa hatari, na nani anaweza kuzipa nafasi nyingine?
- Mvua ikinyesha usiku huu, nani atamwamsha nani?

Kama swali la mwisho halina jibu, basi mkutano wa kwanza uitwe juma hili.